Kusafisha maji machafu ya batiki kwa mlonge, mkaa wa vifuu na matete

Maji yanayobaki baada ya kutia rangi batiki yana mambo matatu yanayosumbua kwa pamoja: rangi yenyewe, kostiki soda na haidrosalfaiti, ambayo mafundi huiita haidro. Rangi inaonekana, kwa hiyo ndiyo majirani wanayoilalamikia. Hizo mbili nyingine hazionekani, lakini ndizo zinazounguza mizizi ya mimea na kumaliza oksijeni ndani ya maji hadi viumbe wa mfereji wakakosa pumzi. Fundi mmoja akimwaga karai uani, udongo utabaki na bluu kwa siku kadhaa. Kikundi kizima kikimwaga kila siku kwenye mtaro uleule, maji hayo yatafika mtoni, na huko chini kuna mtu analima mchicha. Waliokulia Dar es Salaam wanaujua Mto Msimbazi, ambao kwa miaka mingi umepokea maji ya viwanda, vikiwemo vya nguo, huku mboga zikilimwa kingoni mwake. Sisi wa karakana ndogo tunamwaga kidogo kuliko kiwanda, ila tunamwaga bila kusafisha, na tuko wengi.

Mwongozo huu ni wa karakana inayotoa lita 100 hivi za maji machafu kwa siku. Vifaa vingi vinapatikana mtaani, na kazi kubwa inafanywa na mimea: mbegu za mlonge, makumbi na vifuu vya nazi, na matete. Nitakayosisitiza kuliko yote ni mpangilio wa hatua. Hakuna mmea hapa unaofanya kazi peke yake, na ukiruka hatua, inayofuata haitafanya kitu. Nimeona watu wakisema mlonge ni uongo kwa sababu waliutia kwenye maji yaliyojaa kostiki. Mlonge hauna kosa, zamu yake ilikuwa bado.

Na jambo moja lieleweke mapema: maji yatakayotoka mwisho si ya kunywa, si ya kupikia, si ya kumwagilia mboga za majani. Ni maji yanayoweza kurudi kwenye ardhi bila kuidhuru sana, au kutumika tena karakanani kusuuza vifaa.

Usichokiweza kwa njia hii

Kabla hujanunua pipa, angalia maji yako yanatoka wapi. Njia hii inafaa rangi za vitambaa, maji ya kufulia na maji ya jikoni. Haifai maji ya kuchovya vyuma, ya betri za magari, wala ya kutengeneza ngozi kwa kromiamu. Maganda ya ndizi, pumba za mpunga na mkaa hunasa madini mazito, hilo ni kweli na limethibitishwa katika maabara nyingi, lakini kunasa sehemu tu ya sumu kali hakutoshi, na mashapo yanayobaki yanakuwa sumu iliyokolea zaidi. Maji ya aina hiyo wapelekee wenye mitambo yake.

Punguza kabla ya kusafisha

Lita ambayo hukuichafua huna haja ya kuisafisha. Beseni la rangi lililokwisha kutoa vitambaa vizito bado lina rangi; ongeza haidro kidogo na rangi kidogo, tia vitambaa unavyotaka viwe na rangi hafifu. Suuza kwa beseni tatu ndogo zinazofuatana badala ya bomba linalotiririka, na maji ya beseni ya tatu leo yawe ya beseni ya kwanza kesho.

Nta nayo isiingie kwenye mfumo. Ukishachemsha kitambaa kuitoa, acha sufuria ipoe kabisa. Nta itaganda juu, uitoe kwa mikono, uiyeyushe na kuichuja, itumike tena. Nta inayopita itaziba mkaa wako ndani ya siku chache.

Kostiki ipime kwa mizani, usikadirie kwa macho. Kila kijiko cha ziada utakilipia baadaye kwa siki. Kipimo cha pH, yaani namba inayoonyesha uchachu au magadi ya maji, kinapopanda kwa namba moja, nguvu ya magadi imeongezeka mara kumi. Pipa la lita 100 lenye pH 12 linahitaji lita moja na robo hivi ya siki ya kawaida, ile ya asilimia 5, ili litulie, yaani ukali wa kostiki uishe. Lenye pH 13 linahitaji zaidi ya lita 12. Hiyo ni tofauti ya chupa mbili za siki na dumu zima.

Hatua ya kwanza: chuja kwa makumbi

Chukua ndoo ya lita 20, itoboe matundu mengi madogo chini, ijaze makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa siku mbili ili maji ya kahawia yatoke. Shindilia kiasi, usikaze. Weka ndoo juu ya pipa na umimine maji machafu yote humo: ya rangi na ya kusuuza kwa pamoja. Makumbi yatashika nyuzi, vipande vya nta na mabonge ya rangi ambayo haikuyeyuka. Yakijaa, yatoe, yakaushe, na yaungane na tope tutakalolizungumzia mbele. Hatua hii haina mengi, ila usiiruke.

Hatua ya pili: hewa

Watu wengi hawaifahamu hatua hii, na ndiyo inayookoa gharama kuliko zote.

Rangi zinazochanganywa na kostiki na haidro haziyeyuki kwenye maji zikiwa katika hali yake ya kawaida. Haidro huzigeuza zikayeyuka, zikaingia ndani ya nyuzi za pamba. Ukitoa kitambaa na kukianika, oksijeni ya hewani inairudisha rangi katika hali yake ya kutoyeyuka, ikiwa tayari imejificha ndani ya uzi. Ndiyo maana batiki nzuri haichuji. Kila fundi ameona kitambaa kikibadilika rangi mbele ya macho yake kinapokutana na hewa, na maji machafu yanaweza kufanya vilevile. Yape hewa, na rangi iliyobaki itaacha kuyeyuka, igeuke chembechembe ndogo zinazoelea, na chembe ndizo mlonge unazozipenda.

Mimina maji kwenye chombo kipana, si kirefu. Karai kubwa au tangi lililokatwa nusu linafaa. Yainue na kuyamimina kwa ndoo kutoka juu mara 20 hivi, asubuhi na jioni, na uyaache wazi usiku kucha. Harufu ya kiberiti itapungua. Maji yatapoteza mng'ao na kuwa mazito kama yaliyochanganywa na masizi.

Namna ya kujua kama yamekuwa tayari: jaza nusu ya chupa ya plastiki isiyo na rangi, ifunge, itikise kwa dakika moja, kisha ilinganishe na chupa nyingine ambayo hukuitikisa. Rangi zikitofautiana, haidro bado imo. Endelea kuyapa hewa. Zikifanana, songa mbele.

Usitie siki wala ndimu kwenye maji ambayo haidro yake haijakwisha. Asidi ikikutana na haidro hutoa gesi ya salfa inayokaba koo na kuumiza mapafu, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa hapohapo. Kazi hii yote ifanyike nje, pasipo na ukuta pande zote, ukiwa na glovu ndefu na miwani, na watoto wawe mbali.

Kama unatumia ile aina nyingine ya rangi, inayotumiwa pamoja na chumvi na magadi bila haidro, hatua hii haikuhusu. Rangi hiyo itabaki imeyeyuka hata ukiipigia hewa mwezi mzima, kwa hiyo mzigo wake mkubwa utabebwa na mlonge na mkaa.

Hatua ya tatu: tuliza kostiki

Hapa unahitaji kitu cha kupimia. Karatasi za pH zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara na ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea, na kifurushi kimoja kinakaa muda mrefu. Ukikosa, tumia manjano. Kila aliyewahi kufua kanga yenye doa la mchuzi anakumbuka doa lilivyogeuka jekundu lilipoguswa na sabuni. Hiyo ilikuwa manjano ikionyesha kwamba sabuni ina magadi. Koroga kijiko cha manjano ya unga kwenye spiriti kidogo ya dawa, chovya vipande vya karatasi nyeupe isiyong'aa, vikauke kivulini. Karatasi hiyo itabaki ya njano kwenye maji yaliyotulia na kugeuka nyekundu ya kahawia kwenye maji yenye kostiki. Haitakupa namba, lakini itakuambia lini uache kutia siki. Kwa maji yenye rangi nzito, chovya ncha tu na uangalie mpaka wa unyevu unaopanda juu, kwa sababu rangi hubaki nyuma na maji hutangulia.

Tia siki polepole, nusu kikombe kwa wakati, ukikoroga kwa mti mrefu. Maji ya ndimu au malimau yana nguvu inayokaribiana na siki, kwa hiyo penye ndimu zinazooza chini ya miti usinunue siki. Mbirimbi na ukwaju pia huchachusha, ila ukwaju utakuachia tope jingi. Lenga pH kati ya 7 na 8. Kanuni za Tanzania za ubora wa maji machafu yanayomwagwa zinataka pH iwe kati ya 6.5 na 8.5, na Kenya hali kadhalika kwa maji yasiyoenda baharini.

Usitumie majivu hapa. Majivu yana magadi, utakuwa unarudi ulikotoka.

Hatua ya nne: mlonge

Mlonge, ambao pwani wengine huuita mzunze, una protini ndogo ndani ya mbegu zake zenye chaji chanya. Chembe za udongo na za rangi zina chaji hasi, na kwa kuwa zote ni hasi zinasukumana, hivyo huelea bila kutulia hata kwa siku nyingi. Protini ya mlonge inakuja katikati, inazipatanisha, zinashikana na kuwa mabonge mazito yanayozama. Kwenye maji ya kostiki kali, pH 11 kwenda juu, protini hiyo hupoteza chaji yake, ndiyo sababu tumeanza na siki.

Matumizi haya ni ya zamani. Wanawake wa vijijini Sudan walikuwa wakiyatuliza maji ya tope ya mto Naili kwa mbegu za mlonge, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn alifanya kazi kubwa ya kuyachunguza katika miaka ya 1970 na 1980. Baadaye Malawi, kwenye mtambo wa maji wa Thyolo, mbegu hizo zilijaribiwa kwa kiwango cha mtambo kamili. Huko walikuwa wanashughulikia tope la mto. Rangi ni ngumu zaidi, na dozi yake inakuwa kubwa zaidi.

Chagua maganda yaliyokauka mtini yenyewe, ya kahawia, yanayopasuka kwa vidole. Ya kijani hayafai, protini bado haijakomaa. Toa mbegu, ondoa mabawa na gamba, ubaki na punje nyeupe. Iliyogeuka manjano au nyeusi itupe. Twanga kwenye kinu hadi unga laini, upitishe kwenye chekecheke. Twanga unayotumia siku hiyo tu. Mbegu ikiwa ndani ya gamba lake inakaa miezi mingi, lakini unga unapoteza nguvu haraka.

Kwa mwenye shughuli ya kukamua mafuta ya mlonge, kuna habari njema: theluthi moja hivi ya uzito wa punje ni mafuta, na mafuta hayashiriki kusafisha maji. Kamua mafuta uyauze, tumia mashudu kusafishia maji. Mashudu yana protini ileile.

Tengeneza mchanganyiko hivi. Pima gramu 10 za unga kwa mizani ya jikoni. Ni punje 50 hivi, kutegemea ukubwa. Ukande kwa maji kidogo uwe uji mzito, kisha ongeza maji safi mpaka ifike lita moja. Tikisa kwenye chupa kwa dakika tano, chuja kwa kitambaa cha pamba. Utapata maji meupe kama tui jepesi. Utumie siku hiyohiyo. Chumvi ya kupikia, vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa kwa lita, hutoa protini nyingi zaidi kutoka kwenye unga uleule, na kwa maji ya mto wenye tope tofauti hiyo inaonekana wazi. Kwa batiki mimi naitumia tu pale dozi ya kawaida inaposhindwa, kwa sababu chumvi itaendelea hadi kwenye matete na ardhini.

Sasa dozi. Usiamini namba ya mtu mwingine, hata hii yangu, kabla hujafanya jaribio la glasi. Panga glasi sita za kioo zenye ukubwa unaozidi lita moja, au chupa zilizokatwa, mbele ya karatasi nyeupe. Tia kila moja lita moja ya maji yaliyotulizwa kwa siki. Kwa bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yake, tia mchanganyiko: ya kwanza usitie kitu, ya pili mililita 10, kisha 20, 40, 60 na 80. Koroga kila moja kwa nguvu kwa dakika moja, halafu polepole sana kwa dakika kumi, mzunguko mmoja kila sekunde tatu au nne. Ziache.

Ndani ya robo saa utaanza kuona tofauti. Kwenye glasi yenye dozi ndogo maji yanabaki kama yalivyo. Kwenye moja ya zile za katikati, vinyweleo vidogo vya rangi vinaanza kujitokeza, vinaungana, vinakuwa kama vipande vya manyoya, na katikati yao maji yanafunguka. Baada ya saa mbili vipande hivyo viko chini na juu kuna maji unayoweza kusoma karatasi kupitia kwake. Angalia pia glasi ya mwisho, yenye dozi kubwa kuliko zote: mara nyingi ina ukungu kuliko ile ya katikati. Mlonge ukizidi, chembe zote zinageuka kuwa na chaji chanya na kuanza kusukumana upya. Chagua dozi ndogo kabisa iliyosafisha.

Tuseme glasi ya mililita 40 ndiyo iliyoshinda. Kwa pipa la lita 100 utahitaji lita nne za mchanganyiko, yaani gramu 40 za unga. Hayo ni maganda kumi na kitu, na mti mmoja mzima uani unazaa mamia kwa mwaka. Tia kwenye pipa ukikoroga kwa nguvu dakika mbili, kisha polepole dakika kumi na tano, kisha usiguse. Lala, amka. Pipa liwe na koki iliyofungwa sentimita 15 juu ya kitako, ili ufungue maji safi na kuacha tope chini.

Ukibadilisha rangi, rudia jaribio. Dozi ya bluu haitakuwa dozi ya njano. Andika kwenye daftari: rangi, pH, dozi, matokeo. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko mwongozo huu.

Maji yaliyotoka kwenye mlonge yasikae. Sehemu ya mbegu ambayo haikushikana na rangi imebaki imeyeyuka ndani yake, na bakteria wanaipenda. Baada ya siku moja yataanza kunuka. Yapeleke kwenye mkaa mara moja.

Hatua ya tano: mkaa wa vifuu

Mkaa hunasa rangi iliyobaki imeyeyuka. Vifuu vya nazi vinatoa mkaa mgumu wenye vitundu vidogo sana, na ndiyo malighafi ambayo viwanda vya Sri Lanka, India na Ufilipino hutumia kutengeneza mkaa amilifu. Wao huupitishia mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, vitundu vikaongezeka mara nyingi. Mkaa wa nyumbani haufikii nguvu hiyo, kwa hiyo tunafidia kwa kuweka mwingi na kupitisha maji polepole. Mwenye uwezo wa kununua mkaa amilifu achanganye robo moja, utamsaidia.

Kuchoma: jaza vifuu vikavu, visivyo na makumbi, kwenye pipa la chuma lenye matundu machache chini. Washa juu ya tabaka la kwanza, ongeza taratibu. Moshi utaanza mweupe na mzito, utageuka wa buluu hafifu, kisha utakaribia kutoonekana. Hapo ziba matundu kwa udongo, funika juu, ziba pembeni kwa udongo wenye maji, uache hadi kesho yake. Ukifungua mapema utakuta majivu. Ponda, chekecha, chukua chembe za ukubwa wa milimita 1 hadi 3. Vumbi litoe kwa kuosha mpaka maji ya kuoshea yatoke bila weusi.

Panga ndoo au pipa dogo hivi, kuanzia chini: kokoto sentimita 10, mchanga mkubwa uliooshwa sentimita 5, lita 20 za mkaa, kisha mchanga tena sentimita 5 na jiwe bapa juu la kupokea maji yasichimbe. Maji yapite kwa mwendo wa glasi moja, mililita 250, kwa dakika. Kwa mwendo huo yanakaa ndani ya mkaa kama nusu saa, na lita 100 zinakwisha kwa chini ya saa saba. Ukifungua koki kwa pupa, maji yatatoka na rangi yake na utadhani mkaa umekufa.

Utajua umekufa kweli pale maji yanapotoka na rangi hata kwa mwendo wa polepole. Ubadilishe wote. Mkaa uliokwisha usiupikie kamwe. Rangi ikichomwa inatoa moshi usiofaa kuvutwa.

Hatua ya sita: matete

Hadi hapa maji yanaweza kuonekana meupe kabisa. Wengi huishia hapo, na naelewa kwa nini. Lakini maji bado yana siki, mabaki ya mbegu na vitu vilivyoyeyuka ambavyo jicho halivioni, vyote ni chakula cha bakteria, na vikimwagwa mtoni vitakula oksijeni ileile tuliyotaka kuilinda. Kitanda cha matete kinavimaliza hivyo kabla havijatoka nje. Njia hii imefanyiwa utafiti wa muda mrefu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hesabu ya ukubwa ni nyepesi. Maji yakae kitandani siku tano. Lita 100 kwa siku tano ni lita 500. Kokoto zinaacha nafasi ya asilimia 40 hivi kati yake, kwa hiyo unahitaji lita 1,250 za kitanda: urefu wa mita 2.5, upana wa mita 1, na kina cha maji cha nusu mita. Chimba sentimita 60 ili kokoto zizidi maji kwa sentimita 10. Hiyo sentimita 10 kavu ni muhimu: maji yasipoonekana juu, mbu hawana pa kutagia.

Kitako kiinamie kidogo upande wa kutokea, sentimita moja kwa kila mita. Tandika mchanga, juu yake nailoni nzito ya ujenzi mara mbili bila tundu. Mwanzoni na mwishoni weka mawe makubwa, katikati kokoto zilizooshwa za milimita 10 hadi 15. Bomba la kutokea lianze chini kabisa ya kitanda, likunje kupanda hadi usawa wa sentimita 50, hapo ndipo maji yatakapotokea; kimo cha kiwiko hicho ndicho kinachoamua kimo cha maji ndani.

Chimba matete kando ya mto au bwawa, ukate vipande vya shina la chini ya ardhi vyenye macho mawili au matatu, uvipande kwa umbali wa sentimita 30. Mafunjo nayo yanafaa penye maji ya uhakika. Kwa wiki sita hadi nane za kwanza yape maji ya kawaida tu. Machipukizi yakifika magotini, anza na robo ya maji ya karakana na robo tatu ya maji safi, uongeze kila wiki. Majani yakianza kuungua ncha, rudi nyuma na upime pH kule kwenye pipa.

Mwisho wa bomba, acha maji yaanguke juu ya mawe matatu au manne kabla ya kuingia kwenye shimo la kupokelea. Si urembo. Ndani ya kitanda kuna sehemu zisizo na hewa ambako bakteria huvunja baadhi ya rangi, na vipande vinavyotokana na kuvunjwa huko havina rangi lakini vingine ni sumu; vinahitaji hewa ili vimalizike. Rangi kutoweka si ushahidi kwamba maji ni salama.

Kata matete mara moja au mbili kwa mwaka, ukiacha kimo cha goti. Yanafaa uzio na dari za vibanda. Usiwape mbuzi wala ng'ombe.

Tope na kibali

Tope la pipa, makumbi machafu na mkaa uliokwisha vina ile rangi yote uliyoiondoa kwenye maji. Baadhi ya rangi, hasa za feruzi, zina shaba ndani yake. Litandaze tope kwenye kitanda cha mchanga chenye paa la bati, juu ya nailoni, likauke hadi lipasuke. Litie kwenye mifuko, uandike tarehe na rangi zilizotumika. Lisiende shambani wala kwenye mboji, hata kama linaonekana kama udongo mzuri. Ongea na ofisi ya mazingira ya halmashauri juu ya mahali pa kulipeleka.

Kumwaga maji machafu kwenye mto au ardhini kunahitaji kibali. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka jambo hilo chini ya bodi za maji za mabonde. Kwa Dar es Salaam ni Bonde la Wami/Ruvu. Nenda na daftari lako la pH na dozi, na chupa mbili: moja ya maji yanayoingia na moja ya yanayotoka, zilizojazwa siku hiyohiyo. Watahitaji vipimo vya maabara pia, hasa vya mahitaji ya oksijeni, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uchafu uliobaki utakula, kwa hiyo uliza mapema ni maabara ipi wanayoitambua na sampuli ichukuliweje.